Kabla ya Mota, Karatasi

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nimeona video za nguo ambazo marinda yake yanafunguka na kujifunga yenyewe, mwenye nguo kasimama tu. Nataka kushona nguo ya kila siku yenye marinda yanayocheza namna hiyo, ya mwanamke anayepanda boda, anayekaa dukani kutwa na anayejifulia mwenyewe. Nianze na mota na vihisi? Halafu, mbona marinda ninayopiga pasi mimi hayafiki hata ufuaji wa pili?

Dada, kazi njema, na pole kwa vumbi la barabara ya mpakani. Umeuliza maswali mawili, na lile la pili umelitupa mlangoni kama mtu anayeaga. Mimi naanza na hilo. Rinda lisilodumu, hata ukilifungia mota kumi, litakuwa kitambaa kilichokunjamana chenye betri.

Rinda ni mkunjo unaojua kurudi mahali pake. Kitambaa chochote hukunjika, hata gunia. Tofauti iko katika kukumbuka. Uzi wa pamba ndani yake una minyororo mirefu ya selulosi iliyoshikana kwa vifundo vyepesi. Pasi ya mvuke inavilegeza vifundo hivyo, na kitambaa kikikauka na kupoa, vinajifunga upya katika mkao uliokilaza. Ndiyo maana pamba hunyooka vizuri. Bahati mbaya maji ya beseni nayo huvilegeza vilevile, kwa hiyo ulichokiandika kwa mvuke, beseni linakifuta. Hakuna kosa la mkono wako hapo.

Poliesta ni habari nyingine, kwa sababu ni plastiki. Ikipita nyuzijoto 70 au 80 hivi huanza kulegea ndani bila kuonekana kwa nje. Huyeyuka ikikaribia 260. Kazi yote ya marinda hufanyika kati ya namba hizo mbili. Ukiikunja, ukaipasha hadi 180, kisha ukaiacha ipoe ikiwa bado imekunjwa, inatulia hivyo. Maji ya kufulia nguo hayafiki joto hilo, basi hayana la kuifanya. Kinachoweza kulifuta rinda la poliesta ni joto lililokaribia au kulizidi lile lililolitengeneza. Sufu nayo hukubali, ila kwa dawa. Waaustralia wa shirika la utafiti la CSIRO walitoa njia yao iitwayo Siroset mwaka 1957, na suruali za sufu zenye mstari usiofutika zimetokana na mambo hayo. Pamba hutiwa gundi maalumu viwandani ili ishike mkunjo, lakini hiyo si kazi ya chumba chenye cherehani mbili.

Kwa hiyo ukifika Kiyembe, kule Kampala, kununua kitambaa, usimsikilize muuzaji. Kwake kila kinachong'aa ni silki. Omba ukingo, chomoa nyuzi tano au sita, zisokote, toka nje uziwashe kwa kiberiti mbali na jora la mtu. Poliesta hujikunyata kabla ya moto kuigusa, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kitone kigumu ambacho kucha haikivunji. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu na hariri ya kweli hunuka nywele zilizoungua. Ukikuta jivu lenye vitone ndani yake, huo ni mchanganyiko. Kile cha sare za shule chenye poliesta 65 kwa pamba 35 hushika marinda ya wastani: umbo linabaki, makali yanakwenda, na mama wa mtoto anashika pasi kila Jumapili jioni.

Historia yenyewe inathibitisha hili. Mwaka 1909 Mariano Fortuny, Mhispania aliyekuwa akiishi Venice, alisajili huko Ufaransa namna ya kuikunja hariri marinda membamba kama nyuzi. Mwenyewe aliandika kwamba aliyebuni jambo hilo ni mkewe, Henriette. Gauni lao liliitwa Delphos. Lilisokotwa kama kamba likauzwa ndani ya kiboksi cha duara. Zuri mno, lakini likilowa lilipaswa kurudishwa kwao likakunjwe upya. Mteja wako wa Busia atalirudisha mara ngapi?

Sasa mtazame Issey Miyake, mbunifu wa mavazi Mjapani, mzaliwa wa Hiroshima aliyefariki mwaka 2022. Alianza majaribio yake ya marinda mwaka 1988, na mwaka 1991 akawavisha wacheza dansi wa William Forsythe kule Frankfurt, akatazama nguo inavyoruka na kurudi. Mwaka 1993 akatoa nguo za kila siku alizoziita Pleats Please. Alichofanya ni kugeuza utaratibu wetu. Sisi tunakunja kitambaa ndipo tunashona. Yeye anakata nguo kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ya mwili wa mtu, anaishona yote mpaka iishe, ndipo inaingia kwenye mashine ya joto katikati ya karatasi mbili, na inatoka imesinyaa kuwa ya mtu. Inafuliwa, inakauka upesi, inaviringishwa na kutiwa mkobani. Haina waya hata mmoja, lakini mvaaji akiinua mkono, nguo nzima inafunguka ubavuni, na akiushusha inajifunga. Hayo ndiyo marinda yanayotembea unayoyatafuta. Nguvu inatoka mwilini, na kumbukumbu imo kitambaani. Sisi mafundi kazi yetu ni karatasi na joto.

Karatasi, basi. Hapa nitakaa.

Kabla ya yote nenda Owino ya Kampala, au soko lolote la mitumba lililo karibu nawe, utafute sketi ya poliesta yenye marinda ya kiwandani. Lipa, ifikishe nyumbani, ifumue kiunoni. Angalia upindo: utaona umeshonwa kabla ya kukunja, kwa maana marinda yanapita juu ya upindo bila kukatika. Angalia mshono wa ubavuni: umefichwa kwenye mkunjo wa ndani. Mambo hayo mawili nimeyahangaikia mwaka mzima wakati mtumba ulikuwa unayauza kwa bei ya soda chache.

Chukua mfano wa mteja mwenye nyonga sentimita 92. Ongeza 4 za kupumulia, 96. Rinda linaloonekana likiwa na sentimita 2, unahitaji marinda 48. Kila rinda lililokamilika hula kitambaa mara tatu ya upana wake, yaani sentimita 6, kwa hiyo 48 yatakula 288. Kitambaa chako kina upana wa 150: paneli mbili, kila moja marinda 24, yaani 144, na 3 za mshono, 147. Kingo zikishapunguzwa, kinatosha barabara. Urefu wa sketi ukiwa 70, upindo 3 na 2 za kiunoni, unakata 75 mara mbili. Mita moja na nusu, basi. Watu hudhani sketi ya marinda inakula kitambaa kama harusi.

Kiuno cha huyo mteja ni 72. Kutoka 96 kwenda 72 kuna tofauti ya 24, na marinda ni 48, hivyo kila rinda linapandana nusu sentimita zaidi kiunoni kuliko nyongani. Nusu sentimita ile ndiyo inayotenganisha sketi inayokaa na sketi inayovimba kama mwavuli. Ipime kwa pini, rinda kwa rinda, usiikadirie kwa jicho.

Kalibu, yaani umbo la kukunjia kitambaa, ni karatasi mbili za kaki, zile ngumu za kahawia, zinazolingana kabisa. Pima mistari ukianzia ukingoni: 2, kisha 4, kisha 8, 10, 14, 16, na kuendelea, yaani nafasi za 2 na 4 zinapokezana baada ya ule mwanzo. Mstari wa 2 unakunjwa juu kama mgongo wa nyumba, wa 4 unakunjwa chini kama mfereji, wa 8 juu, wa 10 chini. Chora kila mstari kwa kalamu ya bic iliyokwisha wino na rula ya chuma, ukandamize bila kukata. Karatasi iliyokwaruzwa hivyo hukunjika penyewe, iliyochorwa kwa penseli tu hukunjika inapotaka. Zikunje zote mbili, zifungue, laza kitambaa katikati, kikiwa kimenyooka kufuata uzi wake, halafu zikunje tena zote tatu kwa pamoja ukianzia upande mmoja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinashika rinda lililopita, mkono wa kulia unaleta linalofuata. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na utaniapiza. Mara ya kumi utakuwa unazungumza na wateja huku ukikunja.

Hapa ndipo teknolojia inapoingia kwa mara ya kwanza, na kwa maoni yangu ndipo inapofaa kuliko kwingine kote. Wale wenye mashine za kukata stika, Nasser Road ya Kampala wamejaa na hata mjini kwako hawakosi, wanaweza kuondoa kisu na kuweka ncha butu au kalamu. Ukiwapelekea mchoro uliouchora kwenye programu ya bure kama Inkscape, mashine itakupigia mistari yote kwa usahihi ambao jicho langu halijawahi kuufikia. Marinda 24 yakikosewa milimita moja kila moja, mwisho wa paneli umekosea sentimita mbili na zaidi. Kompyuta haichoki ikifika rinda la ishirini. Halafu mchoro unabaki kwako: kesho akija mwenye nyonga 104 unabadilisha namba, huanzi upya.

Mimi si wa kwanza kuiweka kompyuta kwenye mikunjo. Mwaka 2010 watu wa Miyake walitoa nguo zilizoanzia kwenye hesabu za Jun Mitani, mwanasayansi wa kompyuta. Kipande kimoja kinalala bapa kama bahasha na ukikiinua kinasimama kuwa gauni. Na kuna mkunjo wa Koryo Miura, mtaalamu wa vyombo vya angani, ambao mstari wake wa marinda unakwenda zigizaga, hivi kwamba ukivuta pembe moja karatasi nzima inafunguka pande zote mbili kwa pamoja. Ulipelekwa angani mwaka 1995 kwenye chombo cha Wajapani. Ujaribu kwenye karatasi ya daftari usiku umeme ukiwa umekatika. Ukiuelewa, utajua kwa nini rinda la kawaida linafunguka upande mmoja tu.

Tuendelee na joto. Shona kwanza ubavu mmoja, kwa uzi wa poliesta kwa sababu wa pamba hautashika mkunjo pamoja na kitambaa, maliza upindo kabisa, uache ubavu wa pili wazi kwa ajili ya zipu. Kisha peleka kalibu yako kwa mtu mwenye mashine ya kubandika michoro kwenye fulana. Mashine hiyo ni pasi kubwa ya bapa yenye saa na kipimo cha joto, na kwa kazi yetu ni lulu. Mwombe aiweke 180. Kandamiza sekunde 30, geuza, 30 nyingine, sogeza mbele. Bamba lake huwa dogo kuliko sketi, kwa hiyo utapita kipande kwa kipande, na kila kipande kiingie kidogo juu ya kile kilichotangulia. Ukimaliza usifungue! Weka ubao juu, na juu ya ubao mtungi wa maji, uende ukanywe chai. Mkunjo unajifunga wakati wa kupoa; anayefungua kikiwa moto amefanya kazi nusu.

Jaribu kwanza kwenye kipande, tafadhali. Niliwahi kukiamini kitambaa kimoja kwa mng'ao wake bila kukichoma uzi. Nilipoinua bamba, karatasi na kitambaa vilikuwa kitu kimoja, kama ngozi ya maziwa iliyoshika sufuria, na mwenye mashine ananitazama. Kilikuwa na kitu kingine ndani yake kisichovumilia joto hilo. Nilimlipa, nikasugua bamba lake kwa kitambaa kikavu mpaka likang'aa, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Kama mashine hiyo haipatikani, kuna njia ya jikoni. Funga kalibu yenye kitambaa ndani yake kwa vitambaa vya pamba, iviringishe, ifunike isidondokewe na maji, uipike kwa mvuke kama unavyopika matoke: mabua chini ya sufuria, maji kidogo, mzigo juu, mfuniko uliozibwa vizuri. Saa nzima juu ya makaa. Ipoe na kukauka usiku kucha bila kufunguliwa. Mvuke haupiti 100, hivyo marinda yake ni laini kuliko ya 180 na yatahitaji kurudiwa siku moja, lakini poliesta nyepesi inakubali. Mimi nilijifunzia huko.

Sasa nguo yenyewe. Umesema boda, na boda ndiyo inayobadilisha kila kitu. Mwanamke wa mjini kwako anakaa upande, miguu yote kushoto, upepo unampiga, na chini yake kuna spoki na cheni. Marinda yaliyo huru kuzunguka mwili wote yatajaa upepo na kuelekea huko huko kwenye gurudumu. Hiyo ni hatari ya kuvunja mguu, si suala la mtindo. Kwa hiyo mimi nisingemshonea sketi ya marinda ya mduara kama ile ya mfano wetu. Ningeshona sketi iliyonyooka mbele na nyuma, nikaweka paneli ya marinda sita kila ubavu, yaliyoshonwa chini sentimita 18 kutoka kiunoni, yakaachiwa kutoka hapo. Akisimama, sketi inaonekana ya ofisini. Akipiga hatua, ubavu unafunguka rangi ya ndani, maana utakuwa umeuficha utepe wa rangi nyingine kwenye mkunjo wa ndani. Akiketi, nyonga inatanuka na marinda yanampa nafasi bila kuvuta kiuno. Na ndani, kwenye mshono, usawa wa goti, unaweka kitanzi na kifungo cha kubana marinda pamoja akiwa juu ya pikipiki. Upindo uwe mzito kidogo: utepe wa pamba ulioshonwa ndani unatosha.

 

Na usidhani tunaiga kutoka mbali. Gomesi ni nguo ya marinda yanayotembea. Inasimuliwa kwamba ilianzia kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes na wasichana wa Gayaza, shule iliyofunguliwa 1905, na ndiyo maana ikabeba jina lake, ingawa wengi wanaiita busuti. Angalia bibi akitembea nayo: mita kadhaa za kitambaa zimezungushwa, mshipi umefungwa chini ya kiuno juu ya nyonga, na mbele mikunjo inafunguka kwa kila hatua na kujifunga akisimama. Hakuna mkunjo hata mmoja ulioshonwa pale. Mshipi ndio injini. Fundi anayejua gomesi ameshaelewa nusu ya ninayoyaeleza. Nusu iliyobaki ni joto. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini gomesi ya poliesta isitiwe marinda ya kudumu hapo mbele tu, asihangaike kuyapanga kila asubuhi ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba. Sijaishona bado. Ukinitangulia, sitakasirika.

Tuje kwenye mota, najua umesubiri.

Ulichokiona kwenye video huenda ni cha ukoo wa maonyesho ya mbunifu wa mavazi Hussein Chalayan, ambaye kwa msimu wa 2007 alionyesha Paris magauni yaliyojibadilisha yenyewe jukwaani, upindo ukipanda na kola ikifunguka, mota na nyaya zikiwa zimefichwa ndani. Ni kazi ya ajabu, na ilifanywa ivaliwe dakika chache na mtu anayetembea mstari mmoja. Wako anakaa dukani kutwa.

Zipo njia mbili za kulisogeza rinda kwa umeme. Ya kwanza ni waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, unaojifupisha ukipashwa moto. Watu huusifu kwa sababu hauna kelele. Lakini piga hesabu nami. Waya wenye unene wa milimita 0.15 hujifupisha kama asilimia 4. Urefu wa sentimita 20 unakupa milimita 8, basi. Unahitaji umeme wa karibu ampea 0.4, unafikia nyuzijoto 70 au 90, na uko sentimita moja kutoka kwenye paja la mtu. Kisha ili rinda lifunguke tena waya lazima upoe, na adhuhuri ya Busia haipozi kitu haraka. Mimi nimeufunga kwenye skafu ya maonyesho na ulipendeza. Kwenye sketi ya mteja siufungi.

Ya pili ni mota ndogo ya servo, ile ya gramu 9 inayotumika kwenye ndege za kuchezea. Unashona vipete vidogo kwenye mikunjo ya ndani, unapitisha uzi wa nailoni, mota inauvuta, na sketi inapanda kama pazia la dirisha. Darasani tulilifanya hilo, kwa wazo zuri kabisa: mwanamke akifika stejini abonyeze kitufe, upindo upande kidogo, apande boda bila kuinama. Lilifanya kazi. Liliunguruma kama mbu, kila mtu akacheka, na wiki ya pili mwanafunzi mmoja akakata waya wa mota, akafunga shanga kwenye uzi ule ule, akauvuta kwa mkono. Upindo ukapanda kwa sekunde moja. Sketi hiyo ndiyo tuliyoiuza, ya uzi na shanga.

Simaanishi mota haina mahali. Kwa mtu ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, au anayetumia kiti cha magurudumu na hawezi kuinama kufika kwenye upindo, kitufe kimoja ni heshima. Huyo mshonee. Weka mota, betri na bodi yake ya elektroniki kwenye kifuko kimoja kinachofungwa kwa vifungo na kutolewa chote kabla ya kufua. Betri ya lithiamu isikae kamwe kwenye mkunjo wa kuketi, na usishone waya kupitia mkunjo wenyewe, kwa sababu mahali panapokunjwa mara mia kwa siku ndipo waya hukatika. Pitisha kwenye mkanda wa kiuno.

Kufua ndiko kunakoumbua nguo za umeme. Mwaka 2017 Levi's na Google walitoa jaketi lenye nyuzi zinazopitisha umeme mkononi, kwa dola 350, kitengo chake cha elektroniki kikitolewa kabla ya kufua, na bado ilitangazwa kuvumilia kufuliwa mara kumi. Makampuni mawili makubwa, mara kumi. Mteja wako anafikisha kumi kabla ya miezi mitatu, tena kwa mikono, kwa sabuni ya mche na kusugua.

Ukitaka nguo inayojisogeza bila betri, huko kuna mambo ya kusisimua zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kitambaa chenye vijidirisha vilivyopakwa bakteria wanaovimba kwa unyevu, hivyo mtu akitoa jasho mgongoni, vijidirisha vinafunguka vyenyewe. Hicho hutakipata Kiyembe. Lakini wazo lake unaweza kulichukua kwa kisu na sindano: marinda membamba ya mlalo chini ya mabega, yenye vitobo kwenye mkunjo wa ndani, yanayofunguka mikono ikienda mbele na kuingiza hewa. Poliesta hutia joto, tusidanganyane, na rinda husaidia kuiinua isigandamane na ngozi. Kiunoni na kwapani weka bitana ya pamba.

Ila kama ningekuwa na umri wako na cherehani yako, nguvu zangu ningezipeleka kwa watoto. Ryan Yasin, mhandisi wa vyombo vya anga huko London, alimnunulia mpwa wake nguo, na zilipofika mtoto ameshazizidi. Mwaka 2017 akapata tuzo ya James Dyson ya Uingereza kwa nguo zake za Petit Pli, zenye marinda yanayotanuka urefu na upana kwa pamoja, kiasi kwamba vazi moja linapita saizi saba, kuanzia miezi 4 hadi 36. Hapo rinda linatembea polepole, kwa miaka, kadiri mtoto anavyokua. Na ni mzazi gani wa Uganda ambaye hajanunua sare ya nasari kubwa kupita kiasi ili ifike mwakani? Wewe anza rahisi: marinda ya mlalo, membamba, kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono na kuanzia goti kushuka chini. Mkono unarefuka pasipo kupelekwa kwa fundi. Fundi anapoteza kazi ya kushusha pindo, lakini anapata mteja anayemleta jirani yake.

Jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Hapa hatupigi pasi kwa ajili ya unadhifu tu. Yupo yule inzi wa maembe anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini, na funza wake akaingia kwenye ngozi ya mtu na kumvimbisha jipu. Wazazi wetu wanapiga pasi mpaka chupi kwa sababu hiyo. Wewe unauza nguo isiyotaka pasi, sasa mwambie mteja nini? Mwambie aianike kwenye jua kali lililo wazi, au ndani ya nyumba yenye wavu dirishani, ikining'inia kwa kiuno, na asiitandaze juu ya majani. Inakauka haraka kuliko pamba, hivyo muda wa inzi ni mfupi. Mkanda wa kiuno na bitana, vinavyogusa ngozi, avipige pasi pande zote mbili; marinda ayaache. Andika maelezo hayo kwenye karatasi ndogo na uyafunge na nguo, maana ukimwambia kwa mdomo atayasahau akifika stejini, na siku atakayolaza pasi ya makaa juu ya marinda yako, lawama zitakuja kwako.

Anza wiki hii na kipande cha sentimita 36 tu, marinda sita. Kikipoa kiwe na upana wa 12 kikilala mezani. Kifue kwa mikono mara kumi, kikauke kila mara, halafu upime tena. Kikiwa 13, nunua mita yako moja na nusu. Kikifika 16 au 18, ama joto lilipungua, ama ulifungua mapema, ama yule wa Kiyembe amekuuzia silki yake. Chomoa uzi, uwashe.